Sura ya Sita: Koti la Mzee Zaidi

Hafsa alisema yale yale aliyoyasema juzi, na Sajenti Tamimu akayaandika tena. Mtu anayedanganya hubadilisha kidogo kila anaporudia. Hapa atapunguza, pale ataongeza chumvi. Huyu hakupunguza wala kuongeza. Alikaa kwenye kiti cha plastiki katika chumba cha upelelezi, kituo cha polisi Kibiti, mikono juu ya mapaja, akijibu kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo la maji kukatika.

Kilichopotea kilikuwa santuri moja. Hafsa alikuwa fundi wa taasisi ndogo inayokusanya sauti za zamani, na kazi yake ilikuwa kuziosha santuri, kuzipiga na kuzihamishia kwenye kompyuta kabla hazijafa. Alipewa chumba cha mbele nyumbani kwa Mzee Zaidi, kule Bungu, kwa sababu mzee huyo alikuwa na santuri nyingi kuliko mtu yeyote wilayani. Halafu Mzee Zaidi akafariki. Siku ya mazishi mashine zilihamishiwa stoo kwa jirani ili wanawake wapate pa kukaa. Hafsa alipozirudisha, jaladi la santuri moja lilikuwa tupu.

"Nieleze tena ilivyo," Tamimu alisema. "Chukulia sijawahi kuiona."

"Si kama zile za dukani, afande. Zile ukiziangusha zinavunjika. Hii ndani ni bati, juu imepakwa rangi laini, unaweza kusema rangi ya kucha. Mwenye mashine alikuwa anaichonga palepale, mtu akiwa anaimba. Haina nyingine."

"Inapigwa mara ngapi?"

"Imezeeka. Mara moja. Ukibahatika, mbili. Sindano ikipita inaondoka na kitu. Lakini ukishaihamisha, utaisikiliza mpaka uchoke wewe."

"Na hamkuihamisha mzee alipokuwa hai."

"Tuliagiza sindano ya saizi yake. Ilifika siku ya mazishi."

Aliyesajili malalamiko ni Bibi Mwajabu, mdogo wake marehemu. Sauti iliyokuwa ndani ya santuri ile ilikuwa ya mama yao, Maimuna, aliyekuwa akiongoza nyimbo za wanawake wakiamia ndege kwenye mashamba ya mpunga, bondeni. Mzungu mmoja aliyekuwa akizunguka na gari la mashine alimkuta kwenye dungu lake la kulindia shamba akainasa sauti yake, kabla ya uhuru. Masika ya mwaka uleule Maimuna akafa, Mwajabu akiwa bado ananyonya. Hakuna picha. Zaidi aliachiwa santuri hiyo na onyo kwamba sindano ya gramafoni itaikwangua, na kwa vile alikuwa mtu wa kushika neno, hakuipiga hata siku moja na hakumruhusu mtu kuipiga. Kwa hiyo Mwajabu alikuwa mzee sasa na hajawahi kusikia sauti ya mama yake. Sikio lake la kushoto lilishakufa, na la kulia lilikuwa likielekea huko huko. Daktari alimwambia asitegemee kulifikisha mwakani.

Tamimu alilivuta lile jaladi la karatasi ngumu kutoka kwenye mfuko wa vielelezo. Ndani lilikuwa na vumbi jeupe.

"Huu ni ukungu?"

"Hapana. Ikizeeka hutoka mafuta, yakikauka yanakuwa hivyo. Haina madhara ukijua kuifuta." Hafsa alilitazama jaladi bila kuligusa. "Ikikaa kwenye joto ndiyo mbaya. Rangi inasinyaa, bati halisinyai. Inabanduka."

Mkuu wa upelelezi wa wilaya alitaka Hafsa apelekwe mahakamani. Kwenye simu ya binti huyo kulikuwa na namba ya Dar es Salaam, mnunuzi wa vitu vya kale. Tamimu alishampigia mnunuzi huyo, na mtu mwenyewe alilalamika kwamba binti amemkatalia mara tatu na mara ya mwisho amemkatia simu. Kabla ya hapo Tamimu alikuwa amemshuku Mudrick, mtoto wa marehemu, aliyeuza gramafoni ya baba yake kabla hata majirani hawajaacha kuja kutoa pole. Tamimu aliifuata gramafoni mpaka Ikwiriri. Aliikuta sebuleni kwa mtu, kuku ameshataga ndani ya tarumbeta lake, na santuri hakuna.

Aligeuza jaladi. Kwa nje kulikuwa na maandishi ya mkono: jina la Maimuna, mwaka, na mahali. Kwa mnunuzi, jaladi lile ndilo lingekuwa cheti cha mali. Mwizi wa kuuza asingeliacha. Aliyechukua hakutaka kuuza.

"Nenda nyumbani," alimwambia Hafsa. "Usitoke wilayani."

Hafsa aliondoka bila kusema asante, na Tamimu hakuitegemea. Tangu ile miaka ya mauaji, watu wa Kibiti walikuwa wamejifunza kujibu kile walichoulizwa na kunyamaza. Yeye naye alikuwa amejifunza kuandika bila kusikia chochote moyoni. Alikuwa mtu wa Mbwara, si wa mbali, na baadhi ya majina aliyoyaandika ile miaka alikuwa akiyajua tangu utotoni. Kazi ilikwenda vizuri zaidi hivyo.

*

Bungu palikuwa na arobaini ya Mzee Zaidi. Pilau lilikuwa linapakuliwa uani, wanaume wameshamaliza kusoma hitima. Tamimu alikaribishwa, akala kidogo kwa heshima, kisha akaomba kuingia tena chumba cha mbele. Mudrick alimfuata. Alikuwa mfanyabiashara wa Kariakoo mwenye simu mbili, na zote zilikuwa zikiita.

"Afande, hapa ulishapekua mara mbili."

"Nilikuwa natafuta santuri."

Safari hii alitazama ukuta. Kulikuwa na picha ya Mzee Zaidi amesimama mlangoni, amevaa koti la kahawia lililochakaa viwiko, ameshika fimbo yenye kichwa cha shaba. Chini ya picha kulikuwa na msumari. Msumari ulikuwa mtupu, na ukutani chini yake palikuwa na alama ya koti lililoning'inia miaka mingi, rangi ya chokaa pale ikiwa safi kuliko kwingine. Pembeni, kwenye kona, palikuwa na duara dogo kwenye sakafu ambapo fimbo ilikuwa ikisimama.

Vimetoka vitu vitatu, Tamimu alihesabu, na kimelalamikiwa kimoja.

"Koti la baba yako liko wapi?"

"Sijui. Labda wamegawa. Mambo ya wazee hayo."

Tamimu alitoka akamfuata Bibi Mwajabu, aliyekuwa ameketi kwenye mkeka pamoja na wanawake wenzake. Alichuchumaa upande wa sikio lake la kulia akamwamkia. Bibi aliitikia marahaba, akamuuliza kama amekula pilau au amelichezea tu.

"Nimekula, bibi. Nauliza koti la kaka yako."

"Koti kavaa Mashavu."

Alilisema kama mtu anayesema jua limechomoza mashariki.

"Mashavu ni nani?"

"Mtani wetu. Mmatumbi, yuko Nyamisati. Bibi zake na bibi zetu walikuwa watani." Uso wake ulichangamka kidogo. "Siku ya mazishi alivaa koti la kaka, akashika fimbo, akatembea hapa uani anakohoa vile vile anavyokohoa kaka. Akawauliza watu mbona mnalia, nani kafa? Tulicheka, mwanangu, maiti iko ndani. Akamaliza, akaenda zake na koti lake."

Wanawake wakaguna kukubali. Tamimu alijisikia joto likimpanda shingoni, na ilikuwa aibu. Alikuwa ameuona utani huo kwenye kila msiba wa utotoni mwake. Mtani huvaa nguo za marehemu, hufanya masihara, hunyakua kitu, na kitu hicho hakirudi mpaka wafiwa wakikomboe kwa chochote, kuku, kanga, sahani ya chakula. Aliyenyakua hajaiba. Hata mtoto anajua.

"Bibi, alichukua na nini kingine?"

"Alikuwa na kitu kwapani, kimefungwa kanga. Sikuuliza. Mtani haulizwi."

Mwanamke mmoja aliyekuwa akichambua mbegu za tikiti, jirani aitwaye Siti, aliinua kichwa. "Ilikuwa moja ya zile santuri," alisema. "Tuliona akiitoa kwenye karatasi lake."

Bibi Mwajabu alimgeukia Siti polepole.

"Mbona hamkuniambia?" Tamimu aliuliza. "Nimekuja hapa mara mbili."

"Ulituuliza kama tumemwona mwizi," Siti alijibu. "Mwizi hatukumwona. Na santuri zilikuwa nyingi, tukajua hiyo ya Mashavu ni nyingine na hiyo inayotafutwa ni nyingine."

"Na kwa nini haikukombolewa?"

Macho yalikwenda kwa Mudrick aliyesimama mlangoni. Yeye alizima simu iliyokuwa ikiita.

"Nilimwambia aache uhuni msibani kwa baba yangu," alisema. "Alisimama hapo mlangoni anadai. Kwani ningempa nini?"

"Chochote," alisema Bibi Mwajabu. "Ungempa hata chumvi."

Alinyanyuka mwenyewe, bila kushikwa mkono, akaenda kwenye sufuria. Alipakua sahani ya pilau, akaifunika na sahani nyingine, akaifunga kwa leso mafundo mawili, akaja kumkabidhi Tamimu.

"Mpelekee. Mwambie Mwajabu anakomboa."

*

Barabara ya Nyamisati ilipita kwenye mikorosho kisha ikashuka mpaka harufu ya matope ya mikoko ikaanza. Tamimu aliendesha pikipiki ya kituo polepole ili pilau lisimwagike. Gatini boti la Mafia lilikuwa limeshaondoka na wauza boriti walikuwa wakipanga miti yao kwa unene. Aliuliza kwa Mashavu, akaonyeshwa kibanda cha chapati.

Hakuhitaji kuonyeshwa. Mwanamke mnene wa makamo alikuwa akikanda unga ndani ya koti la kahawia lililochakaa viwiko, mikono ameikunja.

"Polisi," alisema Mashavu kabla hajasalimiwa. "Nyumba ya Zaidi imefilisika mpaka wanakomboa kwa pingu?"

"Wanakomboa kwa pilau. Mwajabu ameleta."

Alifungua leso, akanusa, akaonja kwa vidole vitatu. Alitafuna kwa muda mrefu. "Limeungua chini," alisema, "lakini nimepokea." Kisha uso wake ukatulia, na alipozungumza tena hakukuwa na mzaha. "Nimengoja mpaka nikajua wamenisusa. Yule kijana alinifukuza kama mbwa. Nilikaa na kitu cha watu sijui nikipeleke wapi. Kukirudisha bila kukombolewa ni kuitukana nyumba."

"Ulijua ni nini?"

"Nilijua ndicho alichokipenda. Alikuwa anakifunua kila Ijumaa anakitazama, anakifunika. Sasa nichukue nini, ndoo?" Alijifuta unga. "Usiwe na wasiwasi. Nimekiweka mahali pazuri kuliko vyote nilivyo navyo."

Alimtangulia jikoni. Juu ya mafiga matatu kulikuwa na uchaga wa fito, mweusi kwa masizi, na juu ya uchaga kulikuwa na mbegu zake za mwaka: masuke ya mahindi, vibuyu vya kunde, vifuko vya mpunga. Moshi ulipanda kupitia katikati ya fito na kutokea kwenye makuti. Panya hawafiki pale, na wadudu hawakai. Mashavu alipanda kwenye kinu, akasogeza kifuko cha mpunga, akavuta bahasha ya kanga.

Tamimu alikumbuka maneno ya Hafsa. Angependa mwanamke yule asiifungue.

Aliifungua. Rangi nyeusi ilikuwa imepasuka pasuka kama tope la bwawa lililokauka, na vipande vilibaki ndani ya kanga wakati bati lenyewe likitoka jeupe, linang'aa. Vingine vilimdondokea miguuni. Aligeuza upande wa pili, ambao tangu mwanzo haukuwa na kitu. Akarudi upande wa kwanza. Katikati, pale kifuko cha mpunga kilipokuwa kimelalia, karibu na karatasi ya jina, ilikuwa imebaki pete nyembamba nyeusi, upana wa kidole.

"Mbegu hazijawahi kuharibika hapa," Mashavu alisema.

"Najua."

"Hata mara moja."

Alivua koti, akalikunja, akaliweka juu ya kinu. Tamimu aliokota vipande kimoja kimoja akavitia kwenye bahasha ya vielelezo, ingawa alijua havina kazi tena. Kisha akaandika taarifa yake akiwa amechuchumaa kando ya mafiga. Hakuna wizi uliotendeka. Alisoma alichoandika na hakusikia nafuu yoyote.

*

Kesho yake asubuhi Hafsa alipanga mashine zake juu ya meza ya chumba kilekile alimohojiwa. Bibi Mwajabu alikaa kwenye kiti cha plastiki. Mudrick alisimama dirishani, simu zote mbili amezizima. Mashavu alikuja na koti na fimbo, akakaa chini sakafuni karibu na mlango, na hakufanya masihara na mtu.

Hafsa aliinama na lenzi juu ya santuri muda mrefu.

"Pete hii inaweza kutoa sekunde chache tu," alisema.

"Mwisho wa wimbo," alisema Mudrick. "Santuri huanzia pembeni. Hapo katikati zitakuwa zile za mwisho."

"Za dukani huanzia pembeni." Hafsa alimwonyesha Tamimu mshale mdogo wa wino kwenye karatasi ya katikati, ukielekea nje. "Waliokuwa wakichonga porini wengine walianzia ndani, ili uzi wa rangi inayochongwa usiizonge sindano. Huu ni mwanzo. Wimbo ulikuwa huku," akapitisha kidole hewani juu ya bati tupu.

Bibi Mwajabu aliuliza wanasemaje. Tamimu alimwinamia sikio la kulia akamweleza yote bila kupunguza, kwamba wimbo umekwisha, kimebaki kipande. Bibi alitikisa kichwa kuonyesha amesikia. Hakulia. Alisema wapige hicho kilichobaki, naye ana shughuli ya kupalilia.

Hafsa alifunga sindano mpya. Aliifuta pete kwa kitambaa kilicholowa maji safi, akasubiri ikauke, akabonyeza kompyuta ianze kunasa, akateremsha mkono wa mashine. Chumba kilijaa mkwaruzo. Halafu, kwa mbali, mwanamume akauliza kwa Kiswahili cha kujifunza: Jina lako?

Maimuna, mwanamke akajibu. Sauti nzito kidogo, ya mtu aliyezoea kupaza sauti shambani.

Mtoto mchanga akaanza kulia. Alilia karibu kabisa na mashine, na mwanamke akageuza uso, sauti ikapungua: Mwajabu, nyamaza. Nyamaza mama, nakuja. Mtoto hakunyamaza. Mwanamke akavuta pumzi ya kuanza wimbo, na Hafsa akainua sindano kabla haijagusa bati.

Aliitazama pete. Sehemu ya rangi ilikuwa imeng'oka pale sindano ilipopita, na hakuna mtu ambaye angeipiga tena. Lakini kwenye kioo cha kompyuta mistari ya sauti ilikuwa imenaswa yote.

"Sikusikia vizuri," alisema Bibi Mwajabu. "Kuna mtoto amelia?"

Hafsa alimvalisha spika za masikioni, akaongeza sauti upande wa kulia, akairudisha. Bibi alisikiliza, macho ameyaelekeza kwenye ukuta wa kituo, penye kalenda. Uso wake haukubadilika.

"Huyo mtoto ni nani?"

"Ni wewe, bibi," alisema Tamimu.

"Rudisha."

Hafsa akarudisha. Akarudisha tena. Mashavu pale sakafuni alikuwa ameufunika uso wake na koti la Mzee Zaidi. Tamimu alikuwa na karatasi ya kufunga jalada la kesi mkononi, na kalamu, na alihitaji dole gumba la mlalamikaji. Alisogea mpaka kwenye kiti akaanza kumweleza kwamba kesi imekwisha.

Bibi Mwajabu aliinua mkono kumzuia. Alikuwa ameshika spika ya kulia kwa kiganja, ameikandamiza sikioni, na midomo yake ilikuwa ikitembea. Tamimu aliinama kusikia anachotaka.

Hakuwa akisema naye. "Nimenyamaza, mama," alikuwa akisema. "Nimenyamaza. Imba."

Tamimu aliweka karatasi chini, na Hafsa akairudisha sauti mwanzo.